Majalada ya Mbao

Nilikuwa mwandishi asiyekuwa na nakala hata moja ya maandishi yake. Cheka tu, hata mimi nimecheka. Nilikuwa nimetunga vitabu kadhaa, kila kimoja nakala ishirini, na zote zilikuwa nyumbani kwa watu, mitaa ya Kaloleni na Mbotela na kule nyuma ya Muthurwa, zimefungiwa masandukuni au zimelazwa chini ya magodoro. Mimi mwenyewe sikuwa na hata ukurasa. Niliapa hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya jiko la makaa, watu wakinitazama.

Ngoja nieleze, maana ukisikia juu juu utaniona mjinga.

Nilikuwa karani wa kanisa pale Kaloleni, yule anayepiga chapa matangazo ya Jumapili: nani anaoa nani, nani amefiwa, zamu ya kufagia ni ya kina nani, kwaya ikutane saa ngapi. Nilikaa kwa kaka yangu, mtu wa reli, katika nyumba ya baraza la jiji. Kaka, mkewe, watoto, na mimi jikoni kwenye kitanda cha kukunja. Jirani akipiga chafya upande wa pili wa ukuta, tulimwitikia afya bila kuinua sauti. Mwanamke wa umri wangu asiye na mume hakuwa na mlango wake wa kufunga. Akitaka kulia, alilia chooni, na huko nako kulikuwa na foleni. Nilichukia hali hiyo kuliko ninavyoweza kusema hapa, na nadhani ndiyo sababu hadithi zangu zote zilikuwa za watu waliokosa pa kutokea.

Ofisi ya kanisa ilikuwa na mashine ya kurudufu, ya kuzungushwa kwa mkono. Unatia stenseli kwenye taipureta, yaani karatasi ya nta, unapiga bila utepe ili herufi zitoboe ile nta, kisha unalivisha pipa la wino na kuzungusha. Ukikosea unaziba kwa dawa nyekundu inayonuka mpaka kichwa kinauma. Mchungaji aliniruhusu kuitumia Jumamosi mchana, mradi karatasi ziwe zangu. Alidhani naandika nyimbo za kusifu, na mimi sikumwondolea wazo hilo, kwa kuwa hakuniuliza. Nilikuwa naandika juu ya bomba la mtaa linalotoa sauti za wapangaji waliohama, na juu ya mzee aliyestaafu lakini kivuli chake kikabaki kazini. Nilitunga papo hapo kwenye stenseli. Sikuandika kwanza kwa mkono, kwa sababu nyumbani hapakuwa na meza, na karatasi yoyote niliyoiacha kitandani watoto wa kaka waliigeuza ndege.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote niliiita Nyumba za Mstari. Mwanamume anatoka mlangoni kwake asubuhi aende kazini, na badala ya barabara anakuta jiko la nyumba nyingine, sawa na lake, sufuria ile ile, mkeka ule ule. Mke wa humo anamwita baba fulani, anampa chai. Anaaga, anafungua mlango, anakuta jiko lingine. Kila nyumba ina mke na watoto wanaomjua vizuri, na wote ni wema. Anapita nyumba baada ya nyumba akitafuta barabara. Haipati, na hapo ndipo nilipoimalizia.

Msomaji wa kwanza alikuwa dereva wa lori, aliyekuja ofisini kuandikisha ubatizo wa mtoto wake akaona kurasa mezani. Alisoma akiwa amesimama mpaka nikafunga ofisi. Dereva akamwambia mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama, amestaafu, mwenye koti la sufi hata Februari. Huyo ndiye tuliyekuja kumwita mwenyekiti, ingawa hatukuwahi kupiga kura. Mwenyekiti akamleta fundi wa kuchonga.

Fundi alikuwa mtu wa Ukambani, akichonga wanyama wa kuuzia watalii katika kibanda pale Mbotela. Aliniambia siku ya kwanza, "Dada, twiga nimechonga mpaka nikilala naota shingo." Aliona kurasa zangu zimebanwa kwa pini akasikitika. Jumamosi iliyofuata alileta vipande vya mbao alivyoviranda vikawa vyembamba, akatoboa kwa msumari wa moto, akashona kwa uzi wa mshona viatu. Kila jalada alilichonga kivyake: moja dirisha, moja komeo, moja kisigino cha mtu anayeondoka. Hakuna mawili yaliyofanana. Ukiona vyaelea vimeundwa, na watu walipoviona walivitaka kabla hata hawajajua ndani mna nini. Vilikuwa ishirini kwa sababu wasomaji tuliowaamini walikuwa ishirini.

Kuaminiana kulikuwa na maana wakati ule. Ilikuwa miaka ambayo karatasi iliyorudufiwa ikikutwa kwako, ulianza kwanza kuulizwa maswali, kisha ndipo watu wakasoma imeandikwa nini. Hadithi yangu ya bomba haikuwa na siasa hata chembe, lakini nani angekaa aisome mpaka mwisho aone? Mwenyekiti alijua mambo ya mahakama. Alisema stenseli zichomwe. Basi kila tulipomaliza kuchapa, tulizitia katika jiko la makaa nyuma ya ofisi, moto ukaruka juu, moshi wa nta ukatutoa machozi. Akasema tena kwamba mwandishi naye asibaki na nakala, kwa kuwa nyumba yake ndiyo itakayopekuliwa kwanza. Nikaapa. Niliona ananihurumia, na kweli alinihurumia.

Lakini hofu nayo huzoeleka, na baadaye ikawa na utamu. Wakaanza kuja siku ya kuchoma wamevaa vizuri. Walisimama kuizunguka ile stenseli ikiungua, na nyuso zao zilikuwa na raha ambayo sikuielewa upesi. Kila mmoja alijua kwamba kuanzia dakika ile, alichoshika mkononi hakitaongezeka tena duniani. Hakuna aliyefungua kitabu mbele ya wenzake. Ulikifunga katika leso ukaenda nacho, na ukikutana na mwenzio njiani unamuuliza tu, "Umefika kwenye mlango?" naye anajibu, "Niache, sijalala."

Walinipenda. Sitasema uongo, walinipenda, na mapenzi yao yakanikaba. Nikiteka maji, mmoja yuko nyuma yangu ananong'ona, "Dada, kinachofuata lini?" Nikitoka ibadani, mwingine. Mara moja nilijaribu kutunga hadithi ya mapenzi tu, watu wawili na baiskeli, wanaoana. Mwenyekiti aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema wataingoja ile nyingine. Dereva hakuzunguka maneno. "Sasa sister, hii imenilaza usingizi mzito. Mimi nataka ile ya kunikosesha." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikarudi kwa kaka nikalala jikoni nimeuma meno.

Halafu ikaja arusi moja pale kanisani. Miongoni mwa wageni alikuwa mhariri wa vitabu kutoka mjini, mama mwenye miwani ya kamba, na akamsikia mwenyekiti na dereva wakibishana huku wakila pilau kama yule mwanamume wa Nyumba za Mstari angepata barabara lau angekataa chai. Akauliza ni habari za nani hizo. Wakainamia sahani zao. Mpishi ndiye aliyeninyooshea kidole.

Yule mama alinikuta naosha vikombe. Alisema maneno machache: nimletee hadithi hiyo kabla hawajafunga mwaka, ikiwa nzuri wataichapa, na tena ofisini kwao walikuwa wanatafuta mtu wa kusahihisha chapa. Kazi ya mshahara, mjini. Sikufikiria sifa wala jina. Nilifikiria chumba, chumba changu chenye mlango na kufuli, ufunguo shingoni kwangu. Nilikuwa tayari kumpa hadithi zote kwa ajili ya mlango mmoja.

Sasa hadithi yenyewe iko wapi? Nilijaribu kuiandika upya kutoka kichwani. Nilikaa ofisini Jumamosi tatu nzima. Matukio yalikuja, hata sufuria zilikuja, lakini haikuwa na uhai, ilikuwa chai iliyopashwa mara ya pili. Niliichana.

Nikaenda kwa wenye nacho. Dereva nilimkuta anafunga turubai la lori. Nikamwambia wazi, niazime, nitakirudisha. Akashuka, akafuta mikono. "Sister, omba lori. La tajiri, lakini nitakupa uendeshe mpaka Mombasa. Hicho kitabu usiniombe." Nikadhani anatania. Hakutania. Nikaenda kwa mwenyekiti, akanikaribisha, akanipa kiti chenye kitambaa, mkewe akaleta chai. "Ahadi ni deni, dada," akasema. Nikamwambia ahadi ilikuwa ya kuogopa kupekuliwa, na mhariri ana kibali cha kuchapa, hakuna tena cha kuogopa. Alilipima neno hilo, maana alikuwa mtu wa haki. Kisha akaniuliza, "Wakichapa vitabu vingi, changu kitakuwa nini?"

"Kitakuwa kile kile, mzee."

"Hakitakuwa," akasema kwa upole, akanisogezea mkate.

Wengine nao walijibu hivyo hivyo, kila mtu kwa namna yake. Mmoja alisema kimeliwa na mchwa, na nilikiona kwa macho yangu juu ya kabati. Kila nyumba nilipewa chai. Kila nyumba waliniita dada. Nilirudi kwa miguu kandokando ya Jogoo Road nikisema peke yangu, watu wakinipisha. Kichwa ni changu, nikasema. Vidole ni vyangu. Hawa wameninunua lini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wao walilala kwenye vitanda vyao na hadithi yangu chini ya godoro, na mimi ndiye niliyelala jikoni.

Kwa fundi nilikwenda mwisho, nikiwa sina tumaini. Alikuwa anachonga shingo ya twiga, na hakuacha patasi nilipokuwa nikieleza. Nilipomaliza, akapuliza maranda.

"Unataka kutoka?" akaniuliza.

"Nataka, fundi. Nimechoka."

Akaingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa leso ya mkewe. Jalada lake alikuwa amelichonga mlango ulio wazi kidogo, na mbao ilikuwa na ufa alioujaza gundi. Akanipa bila kukifungua. Alisema, "Hayo maneno ni yako. Mbao tu ndiyo yangu, hiyo unirudishie." Nililia mbele yake, na sikuona haya. Alirudi kwa twiga wake akaniacha nilie.

Kabla sijakipeleka mjini, nilimtuma mtu kwa mwenyekiti amwambie ninachofanya. Sikutaka wasikie sokoni.

Mjini walikipenda. Walikipenda hata wakakikata uzi kwa wembe mbele ya macho yangu, ili kurasa zigawanywe kwa wapanga chapa wawili. Nilisema, pole pole jamani. Wakasema ndivyo kazi inavyokwenda. Kurasa zilizungushwa alama za kalamu nyekundu, na zilipokwisha kutumika sikuziona tena. Mimi nilipewa mbao mbili ndani ya bahasha. Kitabu kikatoka na jalada la karatasi lenye picha ya mzimu, na katika hadithi nzima hamna mzimu hata mmoja. Kikauzwa madukani, kikasomwa hata na wanafunzi kwenye mabasi. Na mimi nikapata kazi, na kwa kazi nikapata chumba Mbotela, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, kufuli mpya. Usiku wa kwanza nilifunga na kufungua, nikafunga tena, kwa furaha tupu.

Jumapili moja nikasikia hodi. Mwenyekiti, na koti lake, na kifurushi kwapani. Nilimkaribisha nikidhani ni ugomvi. Hakugomba. Alikunywa chai, akaulizia kaka, akaulizia kazi. Kisha akaweka kifurushi kitandani na kusema, "Dada, tumeona tukurudishie." Ndani mlikuwa na vitabu vyangu vyote alivyokuwa navyo, tangu kile cha bomba, kila kimoja amekivisha karatasi ya plastiki. Nikamwambia, mzee, nimechapa hadithi moja tu, hizi nyingine bado ni zenu peke yenu. Akasema, "Kwa leo tu." Akavaa kofia akaenda zake.

Wakaja wote wiki ile. Wengine waliketi, wengine walisimama mlangoni. Hakuna aliyenitukana, na ningefurahi kama wangenitukana, maana ningepata la kujibu. Vitabu vilirudi na harufu za nyumba zao. Kimoja kilinuka mafuta ya taa. Kimoja kilikuwa na matone ya mshumaa katika ukurasa ule yule mwanamume anapokabidhiwa chai ya tatu. Kimoja mtoto alikuwa amechora gari pembeni, na mtu mzima amejaribu kulifuta kwa mate. Dereva hakuingia. Aliacha vyake kizingitini, lori linanguruma, na nilipotoka mbio nikaona turubai tu likikata kona.

Asante ya punda ni mateke, nilisema, na nilisema kwa hasira kweli. Niliwapa miaka yangu yote ya Jumamosi. Nani alisema wao ndio wenye haki ya kuumia? Hata sasa nikikumbuka napandwa na mori. Lakini nilikuwa nimezoea kusikia "kinachofuata lini" nyuma yangu bombani, na sasa nilikuwa nachota maji na hakuna aliyeninong'oneza. Nilikosa usingizi kwa hilo. Nilipanga vitabu nyuma ya mlango, kwa kuwa chumba hakikuwa na mahali pengine, na mbao ni nene. Rundo lilipanda mpaka kiunoni, na mlango ukawa haufunguki wote, napita upande.

Fundi ndiye aliyekuja mwisho, mikono mitupu. Aliingia kwa ubavu. Akatazama lile rundo, akavitambua vyote kwa kuvigusa: hiki cha dereva, hiki cha mwenyekiti, hiki cha mama mmoja muuza samaki. "Changu hakimo," akasema.

Nikamweleza habari ya wembe. Nikampa zile mbao mbili. Nikamwambia achague chochote humo, hata vyote. Akatikisa kichwa. Nikamletea kile cha dukani, kipya, chenye mzimu. Alikishika kwa heshima, akasema ahsante, akakilaza kitandani. Akaondoka na mbao zake, na mimi nikabaki nimekaa na birika la chai hadi likapoa.

Baada ya muda akarudi. Safari hii mbao zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi ule ule wa viatu, na katikati amejaza karatasi tupu, nyeupe, zisizo na mistari.

"Niandikie," akasema.

"Ile ile?"

"Ile wameisoma. Niandikie kwa mkono, polepole. Usinakili."

Nilitaka kumwambia nimechoka kuandikia watu. Nilitaka kumwambia ndivyo nilivyonaswa mara ya kwanza. Lakini ni yeye peke yake aliyenifungulia nilipobisha hodi, basi nikachukua. Niliandika jioni baada ya jioni, mlango umefungwa, hakuna mtoto wa kugeuza karatasi ndege, hakuna jirani wa kuitikiwa. Nilimwandikia mwanamume yule yule, miaka imepita, bado anapita majikoni, amezeeka, wake wote wanamwita baba. Siwezi kukusimulia zaidi ya hapo. Sikuweka nakala, na fundi alipofariki baadaye walimrudisha kwao Machakos, na mkewe aliniambia amelazwa nayo kaburini.

Lakini siku aliyomaliza kuisoma alikuja kwangu, naikumbuka vizuri. Ilikuwa mchana, jua kali. Alisimama nje ya mlango wa kijani, amevaa aproni yenye maranda.

"Ametoka," akasema. "Amefika barabarani."

"Ndiyo, fundi."

Akanitazama kupitia ule upenyo, mimi ndani, rundo la vitabu kati yetu.

"Na wewe?"

Nikamwambia bado. Kisha nikainama, nikaanza kusogeza vitabu kimoja kimoja, ili apate nafasi ya kuingia.